Skrambla yangu ya Kichina, kuanzia Machi mpaka Septemba

MACHI

Nimeinunua. Milioni moja na laki sita, mkononi kwa jamaa wa Kasulu aliyekuwa anaendea shamba, sababu ya kuuza alisema anaoa. Wife alivyoiona getini akauliza "hiyo umepewa na shirika gani?" na simlaumu, Kigoma hii pikipiki ndefu yenye madigadi ya juu na tairi la mbele kubwa jembamba watu wameizoea kwa wafanyakazi wa mashirika ya wakimbizi, zile XL za Honda na DT za Yamaha. Hii sio XL wala DT, hii ni Mchina, stika za tanki zimebanduka zamani hata jina halisomeki na mi sijahangaika kulitafuta.

Kwa nini skrambla na sio pikipiki ya kawaida kama watu wenye akili zao. Nafundisha fizikia sekondari moja ng'ambo ya mto Malagarasi, familia iko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Ijumaa narudi, Jumapili naenda. Lami unaiacha Simbo, kuanzia hapo sehemu kubwa ni udongo mwekundu mpaka kwenye pantoni ya Ilagala, na ukishavuka ni udongo tena. Masika hii njia inakuwa kama ugali wa muhogo uliotolewa jikoni kabla haujaiva. Tairi la mbele la inchi 21 linapita juu ya makorongo ambayo la 17 linadumbukia, basi, hiyo ndo sababu, mengine ni urembo.

Kabla sijalipa nilichuchumaa nikasoma namba kwenye bloku, 163FML. Hizi namba za Wachina zinasomeka ukizijua: 1 ni silinda moja, 63 ni upana wa silinda kwa milimita, F inapozwa na upepo, M ni ya pikipiki, L ni daraja la cc 200. Kiukweli ni 197. Na hii ni ya ukoo wa CG, ile injini ya Honda ya miaka ya 1970 ambayo Wachina wameinakili mpaka leo hawajachoka, na mi ndo nilichokuwa nakitafuta maana haina taiming cheni ya kupiga kelele na kukatika, kamu inazungushwa na gia huko chini halafu vijiti viwili vinapanda kusukuma rokaaam, vile vikono vinavyofungua valvu. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wasiofanya sevisi. Mwenye hii alikuwa mmoja wao.

Safari ya kwanza imezima. Nimeshapita Simbo, gia ya nne, ikaanza kukohoa, nikaongeza resi ikakohoa zaidi, kimya. Nikafungua tanki, mafuta yapo. Nikapiga kiki kama ishirini, hamna kitu. Nikakaa chini ya muembe, nikajaribu tena baada ya kama dakika kumi, ikawaka kana kwamba haikuwahi kunifanyia chochote.

Nimeanza daftari. Tarehe, mafuta yaliyomo kwenye tanki, kilomita mpaka ilipozimia. Wanafunzi wangu nawalazimisha waandike data, acha na mi niandike.

APRILI

Mvua, sijaenda nayo sana. Wikiendi mbili nimeimaliza nati kwa nati, na hapa niseme ukweli, injini ya hizi pikipiki ina maneno mengi mtaani kuliko makosa yake, kinachokuua ni vitu vilivyofungwa kuizunguka injini. Bolti moja ya kushika injini kwenye fremu nimeizungusha kwa vidole. Kwa vidole! Za sproketi ya nyuma hazikuwepo mbili kati ya sita. Beringi za stelingi zilikuwa kavu kabisa, ndani kuna unga wa kahawia kama ubuyu, na ile shafti ya swingam, mkono unaoshika tairi la nyuma, ilibidi nyundo na maneno mabaya ndo itoke. Nimepaka grisi kila kinachozunguka na kila kinachopita kwenye tundu.

Baada ya kukaza nimechukua rangi ya kucha ya wife, ile nyekundu, nikachora mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye fremu. Mstari ukikatika najua nati imetembea. Wife kaniambia hiyo ni ya elfu tano nimrudishie mpya. Nimerudisha.

Mzee jirani ananiona nahangaika na cheni akasema, "Mwalimu, unanunua mafuta ya cheni ya nini na mawese yapo? Sisi baiskeli zetu zote mawese." Sikubishana na mzee, ila kwa vumbi la huku mawese yangekuwa chapati kwenye cheni ndani ya wiki. Naosha na mafuta ya taa, nafuta, napaka oili nyepesi, nafuta tena. Jioni nikiwa na cheni ya moto, sio asubuhi.

MEI

Imezima mara tatu. Fundi wa kijiweni pale Mwanga, kijana mdogo lakini mkono wake mwepesi, kasema tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na rokaaam.

Hapa alikuwa na sababu. Tapeti zikibana, valvu hazifungi vizuri injini ikipata moto, kompresheni inashuka, inakuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto mpaka ipoe. Inafanana kabisa na ugonjwa wangu. Nikamwambia tufanye, akatoa wembe. Wembe wa kunyolea! Nilidhani ananitania kumbe ndo kipimo chake, unaingizwa kati ya valvu na skrubu ya rokaaam, ukipita kwa kusuguana kidogo basi iko sawa. Nikamwambia wembe una unene wa kama milimita 0.1, injini hii inataka 0.08, akaniangalia.

"Ticha, hiyo sifuri pointi sifuri mbili inayobaki utaisikia wewe?"

Sikuwa na jibu. Ila nilikuwa nimeshaagiza filageji Dar, kile kipimo cha karatasi za chuma, ikaja na basi, kwa hiyo Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, nimefungua kava la juu la rokaaam na kava la pembeni la sumaku, nikazungusha sumaku kwa spana mpaka alama ya T ikalingana, yaani pistoni iko juu kabisa, nikahakikisha rokaaam zote mbili zinacheza maana zisipocheza umekosea mzunguko unatakiwa uzungushe tena raundi nzima. Ya kuingiza hewa ilikuwa imelegea kidogo tu. Ya eksozi haikuwa na nafasi hata kidogo, ile karatasi ya chuma nyembamba kuliko zote ya filageji haikupita. Nikaiweka 0.08, nikakaza nati huku skrubu nimeishikilia na bisibisi isizunguke, nikapima tena, ikawa imebana, nikarudia. Mara nne nimerudia. Kukaza nati ndo kunakoharibu kipimo, hilo hakuna aliyeniambia.

Sauti ikabadilika. Inawaka kiki moja asubuhi. Nikasema nimemaliza, nikampigia hadi mwenye pikipiki wa zamani kumtambia.

Jumapili imezima karibu na Ilagala.

JUNI

Mvua zimekata, sasa ni vumbi. Boksi la chujio nililifungua, ndani hamna chujio, kuna matundu na buibui. Sponji mpya elfu nane, nimeikata kidogo ikae, nimeilowesha oili ya injini nikaikamua mpaka ikaacha kudondosha. Oili nabadilisha kila kilomita elfu moja na mia tano, 20W-50, lita moja inatosha, watu wanasema namwaga pesa. Hii injini haina chujio la oili la kubadilisha kama la gari, ina kachujio ka waya tu na kinu cha kuzungusha uchafu pembeni, kwa hiyo oili yenyewe ndo chujio.

JULAI

Mwezi wa kupoteza hela. Naandika zote ili siku nikisema nataka pikipiki nyingine mtu anisomee hapa.

Plagi mpya, D8EA, elfu sita. Ilikuwa nyeusi masizi, nikajua kabureta inamwaga. Kabureta nimeifungua, jeti kubwa fundi fulani wa huko nyuma aliitanua kwa waya, tundu limekuwa la yai. Jeti mpya, elfu kumi na mbili na kusubiri wiki mbili. Masizi yakaisha, ulaji wa mafuta ukapungua, hapo sijuti. Koili, elfu kumi na tano. Bado inazima. CDI, kile kiboksi kinachoamrisha moto wa plagi, elfu ishirini na tano, kwa sababu kijiwe kizima kilikubaliana ni CDI, na kijiwe kizima kikikubaliana jambo unaogopa kuwa peke yako. Bado inazima. Fundi sasa akaanza kusema "hizi injini za Kichina ticha ndo zilivyo", nikajua ameishiwa.

Usiku nikachukua daftari nikapanga zile data. Mara kumi na nne imezima. Nikaona kitu: siku nilizotoka na tanki limejaa mpaka shingoni ilizima mapema, kilomita sita, nane, mara moja tano. Siku za nusu tanki ilifika kumi na tano, ishirini. Siku moja nilitoka na kidogo sana chini ikafika mpaka pantoni bila kukohoa. Mafuta yakiwa mengi inazima haraka. Nikasema labda uchafu kwenye mafuta, nikamwaga tanki nikaosha. Na mi ndo mwalimu wa fizikia, kumbukeni hilo mkisoma ya mwezi unaofuata.

AGOSTI

Tanki nimejaza mjini. Imezima kwenye mteremko wa mwisho kabla ya mto, nikaisukuma mpaka kwenye foleni ya pantoni, jasho mpaka kwenye soksi. Kina mama na madumu yao ya mawese, ndoo za dagaa, pikipiki za abiria kama saba, wote wananiangalia mimi. Nikafungua mfuniko wa tanki kuchungulia kama kawaida yangu, na kulikuwa na utulivu kidogo kwa sababu pantoni ilikuwa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza nikausikia ule mlio. Fsss. Mfupi, kama soda iliyochacha.

Pembeni yangu mzee mmoja wa boti, amekalia tanki lake jekundu la mashine ya boti anasubiri kuvuka, kasema bila hata kugeuka:

"Mwalimu, hewa hujafungua."

"Hewa gani mzee wangu?"

Akanyanyuka akanionyesha kwenye mfuniko wa tanki lake, kuna kaskrubu katikati. Ukiwa ziwani usipokafungua mashine inavuta mafuta, ndani ya tanki hewa ya kujaza nafasi haiingii, inafika mahali mafuta yanagoma kushuka, mashine inazima katikati ya maji na wimbi linakuja. "Watoto wote wanaoanza kazi wanazimikiwa hivyo," akasema, "mara moja tu."

Mi nimezimikiwa mara kumi na tano.

Nikaugeuza mfuniko wangu. Chini kuna mpira wa kuzuia mafuta yasimwagike, nikaubandua kwa ncha ya ufunguo, na nyuma ya mpira kulikuwa na nailoni. Imekatwa duara, safi, kwa mkasi, saizi ile ile ya mfuniko, imekuwa ya njano kwa petroli mpaka nilikuwa naiona kila siku nikidhani ni sehemu ya mfuniko. Yule jamaa aliyeniuzia aliweka kuzuia mvua isiingie kwenye tanki, na akaziba katundu ka hewa. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku nchi hii tangu Juni 2019, wa mwisho ulikuwa kwenye tanki langu.

Na kila ilipozima nilikuwa nafungua mfuniko kuangalia mafuta, yaani nilikuwa naitibu mwenyewe bila kujua, halafu nakaa chini ya muembe namsifu muembe. Tanki likijaa nafasi ya hewa ni ndogo, mafuta kidogo tu yakishuka ile hewa inapanuka sana na presha inaanguka, ikiwa nusu kuna hewa nyingi inachukua muda. Hiyo ni kanuni ya Boyle. Naifundisha kila mwaka, nachora na bomba la sindano ubaoni. Daftari lilikuwa limeshaniambia, sikulisoma.

Mzee nilitaka nimpe ya soda akakataa, akasema nimbebee ndoo yake tukivuka. Nimebeba.

Fundi nilivyomwambia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaanza kufungua mifuniko ya pikipiki zote za kijiweni moja moja. Mbili zilikuwa na nailoni.

CDI ya zamani nimeirudisha, inafanya kazi. Mpya nimeiweka kwenye begi pamoja na koili, niseme ni spea.

SEPTEMBA

Wiki nne, kwenda na kurudi, haijazima. Mfuniko nimeufunika na kifuko cha kitambaa cha turubai ambacho wife ameshona, kina mdomo kwa chini hewa inapita.

Mstari wa rangi ya kucha umekatika kwenye bolti ya eksozi, nimekaza. Spoki mbili za nyuma zimelegea, nimezigonga na bisibisi nikasikia zinatoa sauti ya kopo wakati wenzake wanalia kama zeze, nimekaza robo robo. Foki ya kulia inatoka jasho la oili, sili imechoka, na kabla sijainunua nitapitisha kwanza kipande cha filamu ya kamera kwenye mdomo wake kutoa mchanga maana mara nyingi ni punje tu imekaa hapo. Kama sio punje, sili jozi elfu kumi na nane na mpaka mwisho wa mwezi isubiri.