Mlio Mmoja, Milio Miwili

Siku tisa za kwanza Uholanzi sina la kusimulia. Nilikuwa Zaandam kwa mdogo wangu wa kike, nakula, nalala, nawasindikiza wapwa zangu shuleni, nanusa kakao. Hilo la kakao hakuna aliyenidokeza kabla sijapanda ndege. Viwanda vyake viko kando ya mto Zaan, na upepo ukigeuka mitaa yote inanukia kama sufuria ya jikoni iliyosahauliwa motoni. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya nne nilianza kuitamani harufu ya samaki wa Feri.

Siku ya kumi shemeji akaweka tiketi juu ya meza. Shemeji ni mtu wa maneno ya kupima, na Kiswahili chake amekiokota kwa mkewe. "Kaka, wewe ulipiga dramu. Huyu mzee pia anapiga. Kazaliwa hapa Zaandam." Tiketi ilikuwa na jina la Han Bennink. Mimi nikatazama bei kwanza: euro 20 na kitu, yaani zaidi ya shilingi 40,000. Kwa hela hiyo Dar ningeingia dansi Jumamosi kadhaa na bado nikabaki na ya chipsi. Lakini tiketi imeshalipiwa, na mgeni hakatai.

Nilidhani najua ninachokwenda kukiona, kwa sababu tiketi ilisema jazz. Jazz mimi nimekulia ndani yake. Marehemu baba alikuwa na santuri za Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz, na nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kwamba duniani kuna watu ambao kwao neno hilo halina maana ya bendi ya dansi yenye magitaa matatu na tarumbeta. Na mwenyewe nimekung'uta dramu miaka sita kwenye bendi ya baa moja Kinondoni, kabla ya kuoa na kupata akili.

Onyesho lilikuwa Amsterdam, safari ya treni. Sasa sikilizeni kilichonikuta stesheni.

Usafiri wao ni wa kadi. Unaigusisha kwenye mashine unapoingia, unaigusisha tena unapotoka, nao wanakata nauli ya ulikopita. Dada alinipa kadi yake ya akiba, ina hela ndani. Nikagusisha. Mashine ikalia: pii. Maandishi ya Kiholanzi yakapita kwenye kioo kabla sijayakodolea macho. Hakuna risiti, hakuna kondakta wa kukugonga begani. Nikaenda hatua tatu, roho haikutulia. Je, kama haikushika? Nikarudi, nikagusisha tena, safari hii nikaikandamiza vizuri. Pii-pii. Hapo nikaridhika. Nikajua imekolea.

Treni haijafika stesheni ya Sloterdijk, akapita mama mmoja mrefu mwenye sare na kimashine mkononi. Nikampa kadi kwa madaha. Akaitazama, akanitazama.

"Kadi yako inasema umeshatoka," akaniambia kwa Kiingereza.

"Nimetoka wapi?"

"Zaandam."

"Lakini mimi nimo humu."

"Ndiyo," akasema. "Nakuona."

Kumbe mlio mmoja maana yake umeingia, milio miwili umetoka. Nilijiingiza safarini, kisha kwa hofu yangu nikajitoa, halafu nikapanda treni ya watu bure. Faini euro 50, na nauli juu yake. Nikamweleza kwamba mimi ni mgeni, kwamba mtu anayetaka kuiba nauli hagusishi kadi mara mbili, angekaa kimya tu asiguse kabisa. Akakubali kwamba hoja yangu ina mantiki. Akaendelea kuandika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa na ubaya. Angenifokea ningepata pa kushika. Nilitafuta ule upenyo wa "mama, tusaidiane," sikuuona mahali popote usoni mwake. Na abiria! Behewa zima limenyamaza, kila mtu na simu yake. Kwenye daladala la Mbagala saa ile pangekuwa na kambi mbili: wanaosema mwache baba wa watu, na wanaosema wamezoea hawa, na bibi mmoja wa nyuma angekwishaanza kuchangisha. Pale nilitengwa na kila mtu kwa adabu. Miaka sita mizima nimekula kwa kuhesabu moja hadi nne, leo nimeshindwa kuhesabu moja na mbili.

Amsterdam nikashuka nimechafukwa. Shemeji alisema ukumbi uko nyuma ya stesheni, majini. Nikatokea nyuma, kweli nikakuta maji, na pantoni imeegeshwa, watu na baiskeli zao wanaingia. Nikauliza nauli, nikaambiwa bure. Kigamboni tunalipa shilingi 200 kila mguu, hawa wanavusha watu bure! Kwa mtu aliyetoka kupigwa faini, lile neno lilikuwa dawa. Nikapanda bila kuuliza inakwenda wapi. Katikati ya maji nikageuza shingo, nikaliona jengo la vioo upande ule ule niliotoka, na kasanduku keusi kametokeza ubavuni kama droo iliyosahaulika kufungwa, kameandikwa BIMHUIS, jina la ukumbi ninaoutafuta. Nikavuka, nikasubiri, nikavuka tena. Nilipofika mlangoni onyesho limeanza, nikazuiwa nje mpaka wamalize wimbo. Niliusikia ukutani. Ulikuwa kama mtu anahamisha nyumba usiku.

Nikaingizwa. Ukumbi si mkubwa, viti vimeshuka kama ngazi kuelekea jukwaani. Nyuma ya wanamuziki hakuna pazia, kuna dirisha kubwa la kioo, na nje ya kioo ni reli. Treni za njano na buluu zinapita nyuma ya mgongo wa mpiga dramu. Zile zile. Hata pale zilinifuata.

Bendi ni watu watatu: klarineti, piano, na mzee. Besi hakuna. Mzee amefunga kitambaa kichwani, kavaa kaptura, miguu ya mtu wa baiskeli, umri umeshapita 70. Dakika ya kwanza nilijiambia nimeibiwa mara ya pili jioni moja. Alikuwa ameacha seti yake yote, amekaa sakafuni kwenye mbao, miguu ameinyosha mbele kama mtoto anayecheza na udongo, anapiga sakafu kwa fimbo. Anapiga sakafu! Kisha kiatu chake. Kisha mguu wa kiti cha piano, na mpiga piano yuko juu ya kiti. Watu wanacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa napiga hesabu ya tiketi na faini kwa pamoja.

Halafu akarudi kwenye dramu ndogo, ile yenye nyuzi za chuma kwa chini, akachukua brashi. Nitawaambia nilichokiona, anayepiga ataelewa. Mkono wa kushoto unazungusha brashi kama anayepepeta mchele, haunyanyuki, na ule wa kulia unadondosha. Akainua mguu akaweka kisigino juu ya ngozi ya dramu huku anapiga, akawa anakisogeza na kukikandamiza, na sauti ikapanda na kushuka, ikawa inasema. Sisi tunafanya hivyo kwa kiganja kwenye ngoma zetu tangu enzi. Kwa kisigino, na kwa mzee wa umri ule, sijapata kuona. Na mapigo hayakuyumba hata nukta. Zile fujo zote za sakafuni zilikuwa zimekaa ndani ya mapigo, mimi ndiye niliyekuwa nje.

Wakati wa mapumziko nikanunua bia. Kabilauri ka kunawia macho, bei ya kreti nusu, povu robo yake. Jirani yangu wa kushoto, naye mtu mzima, akaniona ninavyokatazama akacheka, tukaanza kuongea. Yeye alikuwa akimfuata Bennink tangu ujana. Akaniambia nisidhani jamaa anapiga sakafu kwa kukosa elimu. Baba yake alikuwa mpigaji wa ala za kugonga kwenye okestra. Mwaka 1964, ana miaka 22, alikuwa dramuni mjini Hilversum, humu humu Uholanzi, tarehe 2 Juni pale mpuliza saksafoni wa Kimarekani Eric Dolphy aliporekodi santuri iliyokuja kuitwa Last Date. Tarehe 29 ya mwezi huo huo Dolphy akafa Berlin, na miaka 36. Wakubwa wa jazz wa Marekani waliokuja Uholanzi bila bendi, Sonny Rollins, Ben Webster, Dexter Gordon, walimkuta yeye nyuma yao. Angeweza kuishia hapo na kula vizuri. Mwaka 1967, yeye na mpiga piano Misha Mengelberg na mpuliza saksafoni Willem Breuker wakaanzisha chama chao, Instant Composers Pool, wakawa wanatoa santuri zao wenyewe, za muziki unaotungwa palepale unapopigwa. Mwaka uliofuata alikuwa Bremen na Mjerumani Peter Brötzmann, wakatoa santuri iitwayo Machine Gun. Jirani akaziba masikio kunionyesha ilivyokuwa. Bendi hii ya watatu, yenye jina lake juu, ilitoa albamu ya Parken mwaka 2009, umri ambao kwetu mtu anafuatilia pensheni.

"Na BIM ni nini?" nikauliza.

Ni chama cha wanamuziki wa aina hiyo, kimeanza 1971, na hii ni nyumba ya chama; huis kwao ni nyumba. Walifungua ya kwanza mwaka 1974, mtaa wa Oude Schans, 2005 wakahamia humu.

Hapo bia ilinikwama. Nuta Jazz nayo ilizaliwa 1964, mwaka ule ule wa Hilversum, na ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Kwetu chama ndicho kilimiliki bendi. Chama, jeshi, polisi. Magitaa yao, dramu zao, na ukiondoka unaacha hata fimbo. Ikawa Juwata, ikawa Ottu, leo Msondo Ngoma, na wapigaji wake kila zama wakihesabu viingilio mlangoni. Hapa wapigaji wenyewe ndio waliokuwa chama, wakadai nyumba, wakapata. Sisemi wana akili kutuzidi. Serikali yao ina hela ya kuchezea, na jirani yangu alikiri ruzuku ndiyo inayolipa taa. Lakini nyumba! Bendi yangu ilivunjika kwa sababu mwenye baa alileta meza ya pool.

Kabla kengele haijalia akaniambia jambo moja zaidi: ala ya kwanza ya Bennink ilikuwa kiti cha jikoni.

Ya kwangu ilikuwa stuli ya mama. Nilichapwa kandambili kwa ajili yake, mara mbili.

Sehemu ya pili sina maneno nayo, nilikuwa napiga mapaja tu. Kurudi, Amsterdam niligusisha kadi mara moja, nikaondoka bila kugeuka nyuma, mikono nimeitia mifukoni nisije nikashawishika. Zaandam nikagusisha: pii-pii. Dada alikuwa ameniachia wali kwenye jiko. Nilikula kimya kimya, nikamaliza, nikavuta kiti cha pembeni, nikakigeuza, nikatafuta vijiko viwili vya mbao. Nilianza polepole sana, kwenye ukingo tu.

"Kaka!" sauti ikatoka juu. "Watoto wamelala!"