Zanzibar katika shairi la chekechea

Jana binti yangu alirudi kutoka chekechea na shairi la kuhifadhi. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu, nikamsikia kwa Kirusi chake kilichonyooka kuliko changu: "Tunaishi Zanzibar, Kalahari na Sahara..." Kisu kikasita. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, na hapa Moscow huu mwaka wa tisa.

Shairi lenyewe ni "Aibolit", la Korney Chukovsky, la mwaka 1929. Mrusi akiumia husema "ai, bolit!", yaani aa, panauma, ndilo jina la daktari. Watoto wa mbuni Afrika wanaumwa surua, ndui na dondakoo. Telegramu inafika, daktari anafunga safari: bahari kavushwa na nyangumi, milima kabebwa na tai. Akifika, anagawa chokoleti na kuwapima joto, usiku kumi hali wala halali.

Jiografia yake vurugu tupu. Fernando Po, kisiwa cha upande wa pili wa bara, kakifanya mlima! Zanzibar naona kaichukua kwa ajili ya kina tu. Nimemsamehe, vina vina dhiki zake. Silipendi lile shairi lake la "Barmalei", linalowakataza watoto wasiende kutembea Afrika, eti kuna papa, masokwe na mamba wakali.

"Baba, kwa bibi kuna papa?"

"Wapo. Bibi yako huwapika kwa nazi."

Lakini Chukovsky mwenyewe maisha hayakumdekeza. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1882, akakulia Odessa kwa mama mkulima aliyefanya kazi za nyumbani na kufua nguo za watu. Baba hakumwoa mama. Shuleni akafukuzwa kwa sababu ya nasaba. Nchi hii mtu mzima huitwa kwa jina lake na la baba, na mtu wa kwetu, aliyezoea kuulizwa "mtoto wa nani wewe?", anaelewa kijana yule alivyokuwa akiona haya. Basi akalipasua jina la mama, Korneichukova, akajitengenezea Korney Chukovsky.

Mwaka 1928 mjane wa Lenin, Nadezhda Krupskaya, alimshambulia katika gazeti la Pravda. Mwaka 1931 kifua kikuu kikamchukua bintiye Mura, miaka 11, kule Crimea. Hapo hapakuwa na Aibolit.

Usiku tukampigia bibi simu ya video. Mtoto akaghani lote, mikono nyuma kama walivyomfundisha. Bibi hakuambulia kitu, mpaka mwisho akasogeza uso kwenye kioo.

"Kasema Zanzibar huyo? Hebu arudie."