Jinsi Ninavyopata Changu Wakati wa Kusi

Nimechoshwa na kauli kwamba upepo wa kusi ukishaingia, mwenye mtumbwi hana la kufanya ila kukunja mshipi, kukipaka chombo chake sifa, yale mafuta ya papa, na kungoja kaskazi. Nilipohamia kusini mwa mto Pangani, upande wa Ushongo, nikitokea Muheza ambako nilichokijua vizuri ni michungwa, kauli hiyo nilipewa bure na kila aliyeniona nimeshika kafi, na waliokuwa wepesi zaidi kuitoa ni wale ambao hadi leo sijapata kuwaona wamelowa maji ya chumvi kupita magoti. Nyumbani kwangu siku hizi samaki aitwaye changu huliwa mwezi wa Juni na wa Julai, na wanaobaki huuzwa kwa bei ambayo kaskazi haijawahi kunipa. Naandika kwa wale ambao bado wanaambiwa walale.

Mwenendo wa pepo zetu unajulikana, hivyo sitaueleza kwa urefu. Kusi huanza mnamo Aprili pamoja na masika, hupata nguvu Juni na Julai, hupungua kuelekea Septemba, kisha huja kipindi cha pepo tulivu za Oktoba na Novemba, na kaskazi hushika hatamu kuanzia Desemba hadi Machi. Ni kweli kabisa kwamba wakati wa kusi mkondo wa bahari ulio kati yetu na Pemba si mahali pa mtumbwi wala ngalawa ndogo, kwa kuwa mkondo wenyewe hukimbia kuelekea kaskazini kwa kasi kuliko miezi mingine na mawimbi huja marefu. Lakini kati ya miamba na ufuko kuna bahari nyingine, yenye nyasi, mchanga na vifereji, ambako wimbi kubwa limekwisha kuvunjika kabla ya kufika. Anayesema hakuna samaki wakati wa kusi huwa anaizungumzia ile bahari ya nje, kisha anaifungia na hii ya ndani kwa neno hilohilo.

Ushauri wa pili mbaya ulinigharimu fedha. Muuza duka mmoja mjini aliniuzia fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia mshipi, pamoja na visamaki vya bandia vinavyometameta, kwa bei iliyokaribia ile ya mtumbwi wenyewe, akiniapia kwamba nikivirusha na kuvivuta karibu na miamba, kolekole watagombana. Pengine hugombana mahali ambapo maji ni maangavu. Huku kwetu, kusi hung'oa mwani na nyasi za bahari na kuzisambaza juu ya maji, na masika huuongezea mto udongo, kwa hiyo kila niliporusha kile kisamaki chenye ndoana tatu kilirudi kimevaa kilemba cha mwani. Nilitoa mwani, nikarusha, nikavuta, nikatoa mwani. Vijana waliokuwa pwani waliniuliza kwa adabu kubwa kama nimeanzisha shamba. Fimbo ile sasa inashikilia chandarua cha mtoto, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nayo.

Kilichoniokoa kwanza ni saa. Hata katika wiki kali za kusi, alfajiri huwa na utulivu wake, kwa sababu umande, ule upepo mwanana wa usiku, hutoka nchi kavu na kuuzuia upepo wa bahari kwa muda. Upepo wenyewe huamka jua likishapanda na huwa na ghadhabu alasiri. Anayetoka nyumbani saa tatu baada ya chai anakutana na bahari iliyochafuka na kurudi akisimulia kwamba kusi haivuliki. Mimi huwa nimekwisha kutia nanga kabla jua halijachomoza.

Hata hivyo, alfajiri peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hupotea. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, maji ya pwani yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukitoka alfajiri unatoka na maji yanayokimbia, mshipi hauelekei chini bali hulala kando, na usipoangalia mtumbwi hukalia mchanga mbali na nyumbani ukabaki umeketi ndani yake, watu wakikupita kwa miguu. Siku za maji mafu hesabu hugeuka: maji hujaa mnamo saa hiyohiyo ya nne, lakini hujaa polepole na bila nguvu, hivyo asubuhi nzima unavua kwenye maji yanayopanda taratibu, ambayo ndiyo changu huyapenda kwa sababu humruhusu kuingia kwenye nyasi kutafuta kaa. Hiyo ndiyo sababu kalenda yangu ya uvuvi ni ya mwezi mwandamo: kuanzia tarehe 7 hivi hadi 10, na tena kuanzia 21 hadi 24. Siku zilizo katikati sizipotezi. Bamvua inapoikausha miamba, wanawake wa hapa hutoka kuchokoa pweza, nami hununua kwao wale wadogo ambao wanunuzi hawawataki, nikawatia chumvi na kuwaweka hadi maji mafu. Kwa namna hiyo bamvua hunipa chambo na maji mafu hunipa samaki, na sijui ni nani aliyeamua kwamba mvuvi anatakiwa aende baharini kila siku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Tatizo la kuvua ndani ya miamba si uchache wa samaki bali wingi wa wezi. Mahali ninapotia nanga, kwenye ukingo ambao mchanga mweupe unakutana na nyasi, maji ni pima tatu au nne. Changu wapo, hasa changu doa, yule mwenye doa jeusi ubavuni, lakini juu yao kuna samaki waitwao vikande na bunju wasio na kazi nyingine ila kuninyang'anya. Nilikuwa nikishusha ndoana yenye chambo kizuri, na kabla haijafika chini nilikuwa nasikia vidole vikichezewa, kisha kimya, kisha naivuta ikiwa tupu. Na bunju akiwa na hasira huondoka hata na ndoana, kwa kuwa meno yake hukata nailoni bila taabu. Mzee mmoja wa Pemba, aliyekuja dago, yaani kambi ya uvuvi, na wenzake wakati wa kaskazi na hakurudi nao, alinitazama kutoka kwenye mtumbwi wake muda mrefu. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, unawalisha watoto tu. Wakubwa wako chini na hujawafikia." Akanionyesha.

Inatakiwa jani la mkungu, bichi na pana, lililochumwa jana yake na kulala ndani ya ndoo ya maji ya bahari ili lilegee. Lile jekundu lililoanguka lenyewe halifai, kwa kuwa hukatika unapolikunja, na la mgomba huchanika kwa mistari na kumwaga kila kitu. Unalitandika kiganjani, unaweka jiwe la matumbawe lililosuguliwa na mawimbi hadi likakosa ncha, kiasi cha yai la kuku, kisha juu yake konzi moja ya mchanga mbichi uliochanganywa na dagaa waliopondwa pamoja na utumbo wa samaki wa jana. Ndoana yenye kipande cha mnyiri wa pweza, kirefu kama kidole gumba, inalazwa katikati ya mchanga huo. Unalikunja jani kama anayefunga sambusa, unalizungushia mshipi mara tano au sita, na mwisho unapenyeza chini ya mizunguko hiyo kitanzi kidogo cha mshipi ule unaopanda juu kwenda mkononi. Kitanzi ndicho chenye siri yote. Kikibanwa mno hakifunguki, na utakuwa unavuta furushi juu na chini mbele ya watu. Kikilegea hufunguka nusu ya njia, nawe umewaandalia vikande karamu.

Kifurushi hushuka moja kwa moja kwa uzito wa jiwe, na vikande hukizunguka bila kujua pa kukiuma. Ukishasikia kimegusa chini, unakiinua kiasi cha shubiri moja ili kisilale kwenye nyasi, unahesabu pumzi mbili, kisha unavuta kwa mkupuo mmoja wa mkono, si mrefu bali mkavu. Kitanzi huchomoka, jani hufumbuka, jiwe huanguka, na mchanga wenye harufu husambaa kama moshi, huku kipande cha pweza kikielea katikati yake kikiwa hakina chubwi, kile kizito cha mshipi, ya kukifanya kitie shaka. Changu doa huja kwenye moshi ule mdomo ukiwa tayari umefunguka. Mshipi unaupitisha juu ya kidole cha shahada, si kiganjani, na utasikia kwanza kama mtu anayegonga mlango kwa heshima. Hapo usifanye lolote. Kugonga kwa pili huja pamoja na uzito, na hapo ndipo unapovuta. Asubuhi ya kwanza niliyoufunga vizuri ule ukunjo nilirudi na mtungo ulionilazimu kubadilisha bega njiani, na nilipita barazani polepole kuliko ilivyohitajika.

Mchanganyiko wa mchanga na dagaa una mambo yake madogo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokolea hukaa nyumbani, hivyo anayengoja kuwanunua siku anayowahitaji huwakosa. Mimi hununua wakati wa giza wale waliopondeka, ambao bei yake ni ya kujadiliana tu, nikawakausha juu ya bati. Mchanga nao usiwe wa ufukweni juu, ambao ni mkavu na hujitenga, bali ule unaouchota miguuni maji yakiwa yanatoka.

Mahali pa kutia nanga panatakiwa pachaguliwe kwa kuufikiria upepo wa kurudia. Kwa kuwa kusi inatoka kusini mashariki, mimi huondoka alfajiri kuelekea kusini kwa upondo na kafi wakati bado kumetulia, na upepo unapoamka unanikuta niko upande wake, hivyo narudi nyumbani kwa kitanga kidogo bila kutoa jasho. Jirani yangu mmoja hufanya kinyume, huenda kaskazini akisukumwa na kurudi akipambana, na kila mara husema bahari imebadilika. Upande wa kaskazini wa mdomo wa mto una ubaya mwingine pia, kwani mkondo hulisukuma huko tope la masika. Ukingo wangu naujua kwa kuoanisha mnara wa msikiti na mbuyu mmoja mkubwa. Nikiona alfajiri povu jeupe limesimama juu ya miamba mfululizo, narudi kulala, wala sioni haya. Fungu la Maziwe, kile kisiwa cha mchanga, naliacha kando kwa sababu ni hifadhi tangu 1975, na leseni yangu hainipi ruhusa ya kuingia kule hata kama changu wa huko wangenijua kwa jina.

Pamoja na changu huja wengine. Chaa na mkundaji hawana shida. Tasi ni mtamu kuliko wote kwa mkaango, ila miiba yake ya mgongoni na ya tumboni ina sumu inayochoma mkono hadi begani. Mshike kwa gunia, na akikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nayo maumivu hupungua. Bunju mrudishe majini hata kama amenona, kwa sababu sumu yake haitolewi na moto wa jikoni.

Kuhusu fedha, mtumbwi wangu ulikuwa wa mitumba ya wavuvi wengine na ulinigharimu laki kadhaa, nikaongeza kidogo kwa ajili ya kuziba nyufa. Mshipi wa nusu milimita na ndoana ndogo havizidi bei ya kilo chache za nyama. Wakati wa kaskazi, nguru na jodari wanapojaa dikoni, pale samaki wanaposhushwa, mtungo wa changu huangaliwa kwa jicho la pembeni; wakati wa kusi, mama lishe hunisubiri wakiwa wamesimama majini.

Kaskazi yenyewe siidharau. Hutoka nje na majirani katika ngalawa yao, tukarambaza, yaani tukakokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, kwa chambo cha nyuzi nyeupe za gunia zilizofungwa mbele ya ndoana, huku kipande cha waya kikitangulia mshipi ili meno ya nguru yasiukate. Hupata, na mara moja tulipata nguru ambaye picha yake bado naionyesha bila kuombwa. Lakini huko mimi ni mpiga kafi na mvutaji tu, nahodha ndiye anayejua.

Vijana wa hapa sasa wameanza kufunga vifurushi vyao, na baadhi yao, kwa uvivu wa kuchuma majani, hutumia vipande vya mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata isingekuwa hivyo, nimekwisha kuvuta vipande vyake kwenye ndoana yangu mara nyingi, na kila kipande hunipotezea kushuka kumoja katika asubuhi ambayo ni fupi. Mkungu upo nyuma ya ofisi ya diko, matawi yake yanafikiwa kwa mkono, na jani lake haliuzwi.