Nilivyopata vipimo vya ukungu vya kuaminika kwa ngozi bandia ya viti vya gari

Utando hafifu, uitwao ukungu, unaojitokeza ndani ya kioo cha mbele cha gari lililoshinda juani hutokana kwa sehemu kubwa na vilainishi vya plastiki, ambavyo hufuka kutoka kwenye viti na dashibodi na kutua juu ya kioo kilicho baridi zaidi. Katika maabara nilikuwa nikiupima kwa njia ya ISO 6452, kiwango cha kimataifa cha kipimo hiki: kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 80 huwekwa ndani ya bika, yaani gilasi ya maabara, bika hupashwa joto la nyuzi 100 kwa saa 3, na juu yake hukaa kioo bapa kinachopozwa kwa nyuzi 21. Baadaye hupimwa ni kiasi gani cha mwanga ambacho kioo hicho bado kinaakisi, kikilinganishwa na kilivyokuwa kisafi.

Vipande vya ngozi bandia vilivyokatwa kutoka jora moja vilinipa majibu yaliyopishana mno. Mtu mwenye uzoefu mrefu alinishauri niyatupe majibu yaliyokaa mbali na mengine, nichukue wastani wa yaliyobaki. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa kuwa unaficha chanzo badala ya kukitafuta. Mwingine alisisitiza kwamba kosa ni la mtambo wa kupozea. Ukatengenezwa kwa fedha nyingi, na majibu yakaendelea kupishana.

Ndipo nilipoendesha kipimo kizima bila sampuli. Vioo vya bika tupu vilipaswa kutoka safi, lakini viwili vikatoka na ukungu! Sikuosha chochote, nilichukua pete za mpira zinazoziba kati ya bika na kioo kwenye bika hizo mbili, nikazihamishia kwenye bika zilizotoa vioo safi, nikarudia. Ukungu ukahama pamoja na pete. Mpira ulikuwa umefyonza vilainishi vya sampuli za nyuma, nao ukawa unavitoa upya kila ulipopata joto, jambo ambalo hakuna sabuni ingeliondoa.

Niliweka pete mpya, nikahakiki kwa DIDP, kilainishi kinachotumika kama kipimo rejea, na tangu hapo bika tupu huingia katika kila mzunguko. Sampuli zikaushwe kwanza ndani ya desiketa, chombo kilichofungwa cha kuondolea unyevu, na kioo kishikwe pembeni tu, kwa glavu zisizo na unga. Ngozi ya jora lile ilipopimwa upya, majibu yalikaribiana, nayo ikafaulu.