Jirani ndiye shahidi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko kwa 1 Yohana 3, mstari wa 14 hadi 18, na kabla hujaruka juu unaijua, hebu fungua usome tena polepole. "Sisi tunajua ya kuwa tumepita kutoka mautini kuingia uzimani, kwa maana twawapenda ndugu." Yohana hajasema tunajua kwa maana tulibatizwa, ama tunanena kwa lugha, ama hatujawahi kosa kesha. Hayo yote ni mazuri na mimi nayafanya. Lakini hapo kwa huo mstari ameweka ndugu.

Na Yesu alishasema hivyo kwa Yohana 13:35, usiku ule ameshawaosha miguu, Yuda ameshatoka nje, Petro bado masaa machache tu amkane. Kwa hali hiyo hiyo ndio anawaambia watu wote watatambua ni wanafunzi wake wakipendana. Watu wote! Yaani hata yule wa boda hapo steji mwenye hajaingia kanisa tangu arusi ya dadake ako na ruhusa ya kukuangalia aone kama ni kweli. Mimi hiyo hunisumbua kidogo, ningependelea pasta ndio anipe alama, juu pasta huniona Jumapili nimevaa vizuri.

Na watu waliangalia kweli. Karibu mwaka 197 huko Carthage, hapa hapa Afrika upande wa kaskazini, mwandishi Mkristo anaitwa Tertullian aliandika vile wapagani walikuwa wanasema juu ya Wakristo, ati tazama wanavyopendana. Akaeleza pia mchango wao ulikuwa unaenda wapi: kulisha maskini na kuwazika, mayatima, wazee wasiotoka nyumbani, watu wamezamiwa na meli, wale wamepelekwa migodini juu ya imani. Kununua spika za kanisa sikuona hapo.

Sasa sisi watu wa Nakuru tuongee. Januari 2008, kwa vita vya kikabila vya baada ya uchaguzi, mji huu uliwaka, mtu wa mtaa wa Kaptembwo hahitaji kuelezwa, na wenye walikimbia wakajaa pale Showground kwa mahema. Nchi nzima walikufa zaidi ya 1,100. Kule Kiambaa karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari, watu walikimbilia kanisa na kanisa likachomwa wakiwa ndani. Na Kenya ni nchi ambayo zaidi ya watu wanane kwa kila kumi wanajiita Wakristo, kwa hivyo hesabu hiyo piga mwenyewe, wenye walikuwa wanakimbia na wenye walikuwa wanawakimbiza, wangapi walikuwa wameimba Krismasi wiki iliyopita tu? Lakini walikuwepo pia wenye walificha jirani wa kabila lingine kwa nyumba yao wakijua wakipatikana wanachomwa pamoja. Hao walitimiza mstari wa 16, ule wa kutoa uhai kwa ajili ya ndugu, na pengine wengine wao hawana hata cheo kanisani.

Najua kuna mtu atasema tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Amina, Waefeso 2:8, simpingi. Upendo haununui wokovu, Yohana mwenyewe anasema tunapenda kwa maana yeye alitupenda kwanza. Lakini mtoto akizaliwa analia, na asipolia mkunga anashtuka, hangoji aonyeshwe kadi ya kliniki.

Wengi wetu hatutaulizwa kuficha mtu. Tutaulizwa ile ya mstari wa 17, mtu ako na riziki ya dunia, anaona ndugu yake ni mhitaji, anamzuilia huruma zake. Riziki siyo shamba Njoro, hata unga wa kesho ni riziki. Mtu ameandika kwa group mtoto amelazwa na bili inapanda, tunajaza amina na vile vimikono vya maombi mpaka skrini inajaa, halafu mweka hazina akituma namba ya kutuma pesa, kimya. Na nikiwa muwazi zaidi, jina la huyo mzazi likiwa la upande wetu hicho kimya huwa kifupi. Hapo ndio 2008 inaanziaga, siyo kwa panga.

Kabla ya fellowship ya Alhamisi basi, kila mtu achague ndugu mmoja hapa kwetu mwenye si wa kabila lake, mwenye hajawahi kuingia kwake, amtembelee nyumbani. Beba sukari ama majani chai. Usibebe mahubiri, kaa tu umuulize mambo yake na ukisikia kuna shida usiseme nitakuombea kama kuna kitu unaweza fanya hapo hapo. Wa Free Area na Lanet mpangane wenyewe kwa fare, wenye wako na gari wabebe wengine.