Barua za Upande Mmoja

Katika mwaka wangu wa mwisho wa masomo huko Massachusetts, sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikwama kwenye urafiki wa waandishi wawili wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, Herman Melville na Nathaniel Hawthorne. Nilikuwa nimeandika, bila kusita, kwamba Hawthorne alichoshwa na mapenzi mazito ya mwenzake akajitenga naye. Msimamizi wangu alirudisha kurasa zile zikiwa na neno moja la penseli pembeni: “Umejuaje?” Sikuwa na jibu, nikapanda basi kwenda Pittsfield, kwenye nyumba ya shamba iitwayo Arrowhead, ambamo Melville aliimalizia riwaya yake Moby-Dick.

Wawili hao walikutana tarehe 5 Agosti 1850, siku ya kupanda mlima na marafiki, na mwezi haujaisha Melville alikuwa amechapisha makala ya kumsifu Hawthorne bila kutia jina lake. Mwaka uliofuata akamtunukia Moby-Dick. Hawthorne alipoisoma alimwandikia barua iliyomfurahisha Melville hata akajibu kwamba laiti angeweza, angejenga kiwanda cha karatasi mwishoni mwa nyumba yake, utepe wa karatasi usiokatika umiminike mezani, naye aandike juu yake mamilioni ya mawazo, yote yakiwa barua kwa rafiki huyo. Jibu hilo tunalo. Barua iliyolizaa imepotea, kama zilivyopotea karibu zote ambazo Hawthorne alimwandikia. Kwangu mimi niliyelelewa na mashairi ya kujibizana, huo ni msiba mkubwa: beti za malenga mmoja zimetufikia, za mwenziwe hazipo, na bado wahakiki tunatoa hukumu.

Chumba cha kuandikia kiko ghorofani. Wageni wenzangu waliposhuka, nilibaki peke yangu kwenye dirisha la kaskazini, na mbele yangu ukalala mlima Greylock, mgongo wake mrefu ukiwa wa buluu chini ya mawingu. Riwaya iliyofuata, Pierre ya mwaka 1852, Melville aliutunukia mlima huo, na mimi nilikuwa nimeutumia utunukio ule kama ushahidi mkuu wa urafiki kuvunjika: jana mtu, leo jiwe. Pale dirishani hoja yangu iliniponyoka. Mlima ule ulikuwa jirani yake wa kila asubuhi, tena Hawthorne alikuwa ameshahama eneo lile tangu Novemba 1851. Nikakumbuka pia Novemba 1856, Melville alipomtembelea Liverpool alikokuwa balozi mdogo wa Marekani, wakaketi bondeni kati ya vichuguu vya mchanga wa pwani, wakijikinga upepo na kuvuta sigara. Hawthorne aliandika katika shajara yake kwamba rafiki yake hawezi kuamini, wala hana raha katika kutoamini kwake. Aliyechoshwa na mtu hamsikilizi kwa kina namna hiyo.

Nilitoa kurasa zangu mkobani, nikaziweka juu ya goti pale kwenye ngazi, nikafuta aya mbili nzima. Mahali pake niliandika kwamba barua za Hawthorne hazipo.