Aya ya 31: Ombi la Mama la Fidia ya Adhabu Dhidi ya Klabu

Barua ya klabu ilifika kabla hatujamaliza arobaini ya baba. Ilikuwa ya mistari minne, ikimweleza mama kwamba uanachama wake ulitegemea ule wa mumewe na kwamba, kwa kuwa mumewe amefariki, airudishe kadi ofisini ndani ya siku 14. Mama alikuwa ameitumia kadi hiyo kwa miaka 22. Alipokwenda kuuliza, alizuiwa langoni mbele ya watu aliofuturu nao Ramadhani iliyopita, na mlinzi, ambaye alionekana wazi kuona haya, akamwambia kuwa jina lake limekwisha kuondolewa daftarini. Siitaji klabu hiyo kwa jina kwa sababu shauri bado liko mahakamani.

Katika shauri hilo nataka kueleza jambo moja tu, yaani ombi la fidia ya adhabu, ambalo ndilo wakili wetu alilolipinga tangu siku ya kwanza. "Mwanangu," mama alimwambia wakili, "mimi sihitaji kurudishiwa nilichopoteza. Nataka waogope kumfanyia hivi mjane mwingine." Mama hakusoma sheria, lakini maneno yake yaligusa kiini cha jambo. Fidia ya kawaida humtazama aliyeumizwa na kujaribu kumrejesha alipokuwa, na hata ile inayoongezwa kwa sababu ya kudhalilishwa hadharani bado humtazama yeye. Fidia ya adhabu humtazama mkosaji, ili aadhibiwe na wengine waogope.

Pingamizi la wakili lilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1964, katika kesi ya Rookes dhidi ya Barnard, majaji wa ngazi ya juu kabisa nchini Uingereza waliifungia fidia hiyo katika mafungu matatu: watumishi wa serikali wanapotenda kwa uonevu au kinyume cha katiba, mkosaji anapopiga hesabu kwamba faida ya kosa lake itazidi fidia atakayolipa, na pale sheria iliyotungwa inaporuhusu waziwazi. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliufuata msimamo huo katika kesi ya Obongo dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu, na mahakama za Kenya zimeendelea kuutumia. Kamati ya klabu si serikali, kwa hiyo fungu la kwanza halikutufaa. Tena uanachama wa klabu kwa asili yake ni mkataba, na mwenye kuvunja mkataba hulipa hasara aliyosababisha bila kutozwa adhabu juu yake.

Kwa hiyo mlango wa kuingilia ulipaswa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 20 kinasema kuwa haki za msingi zinamfunga kila mtu, kifungu cha 260 kinaeleza kuwa "mtu" ni pamoja na kampuni na chama chochote cha watu, na kifungu cha 27 kinakataza mtu kumbagua mwenzake kwa sababu ya jinsia au hali yake ya ndoa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilivitumia vifungu vya namna hii katika kesi ya wanawake watatu dhidi ya Limuru Country Club, iliyohusu kanuni ndogo iliyowanyima wanawake nafasi sawa katika mambo ya gofu, na ikakataa hoja kwamba klabu, kwa kuwa ni ya binafsi, iko nje ya Katiba. Nilipoisoma hukumu hiyo usiku, nililia. Kanuni iliyomtoa mama inataja "mke wa mwanachama" peke yake, wala hakuna mahali inapomtaja mume wa mwanachama wa kike.

Hata hivyo, kuthibitisha ubaguzi ni jambo moja na kupata fidia ya adhabu ni jambo lingine. Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, wakili na mimi, tukilirudia fungu la pili. Klabu hiyo ina idadi maalumu ya nafasi, na kila nafasi inayoachwa wazi hujazwa na mtu mpya anayelipa ada ya kujiunga, ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko mchango wa mwaka aliokuwa akilipa mama. Mjane akibaki, klabu hupata mchango mdogo, na akiondolewa, hupata ada nzima. Iwapo kumbukumbu za vikao zitaonyesha kwamba kamati iliijua hesabu hiyo ilipoandika ile mistari minne, basi kosa lilifanywa kwa kutafuta faida, na hilo ndilo fungu la pili lenyewe. Tumeomba kumbukumbu hizo zitolewe mahakamani, na mawakili wa klabu wanapinga.

Huko Marekani, mwaka 1999, baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, katika jimbo la Massachusetts liliwapa wanawake 9 zaidi ya dola milioni 1.9, ikiwamo fidia ya adhabu, dhidi ya klabu ya gofu ya Haverhill iliyowabagua katika uanachama na katika saa za kucheza, na mwaka 2003 mahakama ya rufani ikaunga mkono ushindi wao. Jimbo hilo halitoi fidia ya adhabu mpaka sheria iliyotungwa iiruhusu, na sheria yao dhidi ya ubaguzi iliiruhusu. Naamini Bunge letu linapaswa kufanya vivyo hivyo, kwa sababu kamati ya watu saba inaweza kumfuta mtu katika jamii yake kwa ukatili uleule wa ofisa wa serikali.

Ami yangu, ambaye naye ni mwanachama, amesema kwamba adhabu hiyo italipwa na wanachama wasio na hatia. Nimemjibu kwa heshima kwamba kamati huchaguliwa na wanachama hao hao kila mwaka, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesimama mkutanoni kuuliza mama amekwenda wapi.

Wiki iliyopita klabu ilijitolea kumrudishia mama kadi na kulipa gharama zake, iwapo ataiondoa aya ya 31, yenye ombi la fidia ya adhabu. Mama aliisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akamwambia wakili aiache aya ilivyo.